Duara Jeupe Mgongoni mwa Kilima

Jumamosi, 4 Julai

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mmiliki wa pepo zivumazo na zilizotulia, ambaye hapana unyasi uinamao pasipo idhini yake. Sala na amani zimfikie Mtume wake na watu wake wema. Ama baada ya hayo: salamu zangu kwako, msomaji, ndugu usiyejulikana kwangu, popote pale makaratasi haya yatakapofunguka mbele yako. Mimi ni mwalimu wa dini niliyestaafu. Nilisomesha watoto wa mji huu mpaka sauti yangu ikawa nyembamba kama uzi wa kushonea, kisha nikaketi.

Naanza kuandika leo kwa sababu binti yangu amerudi nyumbani, na upepo mkuu wa msimu umeanza siku hiyohiyo, kana kwamba walipanda gari moja. Yeye ni mtumishi katika ofisi ya upimaji. Ametumwa kutafuta katika vilima vyetu mahali panapofaa kusimamisha mitambo ya upepo, ile yenye mabawa makubwa yanayozunguka na kuzalisha umeme. Ripoti yake inatakiwa iwe imekwisha kabla ya mvua. Mji utakaochelewa utaambiwa usubiri mara nyingine. Na wakubwa wakisema "mara nyingine," huwa wanazungumza na wajukuu zetu.

Ameiweka kompyuta yake mpakato katika chumba cha marehemu mama yake, mezani palipokuwa na cherehani. Nyumba ina sauti mbili tena. Alhamdulillahi.

Jumapili, 5 Julai

Upepo tu.

Alhamisi, 9 Julai

Leo binti yangu aliniita nikaona kazi yake. Nilivaa miwani, nikaketi kwa adabu kama mwanafunzi.

"Baba, tazama. Hii ni picha ya vilima vyetu kutoka angani. Sasa naweka juu yake tabaka la upepo." Vilima vikafunikwa na rangi nyepesi, iliyokolea migongoni na kufifia mabondeni. "Naweka la mteremko, maana mtambo hausimami penye genge. La barabara. La njia wapitazo ndege wanapohama. La makazi ya watu. Kisha naiambia modeli, hii programu ya hesabu, kila jambo lina uzito gani, nayo inajumlisha."

"Kama shuka juu ya shuka."

"Hasa. Mwisho inatoa rangi moja. Penye kijani panafaa. Pasipofaa panabaki peupe."

"Na moyo wa mtu uko katika tabaka lipi?"

"Huo haujapigwa picha bado, Baba," akasema bila kuinua macho. Nami nikaona kwamba amekuwa mtu mzima mwenye ubaridi wa ofisi. Nilihuzunika kidogo.

Lakini ile picha ilinishika. Nililala usingizi wa adhuhuri palepale kitini, nikaviona vilima vikipumua kama kifua cha mtoto, na rangi zikipanda na kushuka juu yake. Nilipozinduka, binti yangu alikuwa amenifunika shali.

Nikamwuliza: shangazi yako yuko wapi humu? Akanionyesha nukta nyeusi mgongoni mwa kilima kirefu, ndogo kama punje ya ufuta.

Ijumaa, 10 Julai

Yafaa nimweleze mwenye nukta hiyo. Ni umbu langu, yaani ndugu yangu wa kike aliyenifuata kuzaliwa. Ni mjane. Anaishi peke yake juu kabisa, pamoja na mbuzi wake, katika nyumba ya mawe aliyoijenga na mumewe. Hakuna nyumba nyingine mgongoni kote. Watu humwita mkaidi. Nami, Mungu anisamehe, sijawahi kuwakanusha.

Kompyuta ya binti yangu hula umeme, na umeme hatuna. Huipeleka kuchaji katika mashine ya kusaga nafaka, ambako injini ya dizeli hunguruma mchana kutwa. Mwenye mashine hiyo tunamwita Bwana Unga, kwa kuwa kope zake ni nyeupe mwaka mzima. Leo baada ya sala alinishika mkono.

"Mwalimu, binti yako ananinyonya umeme wangu."

"Mwambie alipe."

"Alipe nini? Anilipe upepo! Siku injini hii ikinyamaza, mimi nitachinja."

"Utachinja nini, wewe mchoyo?"

"Nitachinja injini yenyewe."

Ni mtu wa kelele. Sijapata kumwelewa.

Ijumaa, 17 Julai

Kamati imekutana katika darasa la shule, nasi wazee tukakunja magoti katika madawati ya watoto. Nilichaguliwa mwenyekiti kwa heshima ya umri. Alikuwepo Bwana Unga, alikuwepo mkunga wa zahanati yetu, na wazee wengine wa mtaa.

Binti yangu alieleza kwamba mitambo haiwekwi karibu na nyumba ya mtu, kwa sababu ya kelele na kivuli cha mabawa. Kanuni inataka umbali usiopungua nusu kilomita, na kila nyumba huzungushiwa duara la kadiri hiyo. Wenyeji wana ruhusa ya kuongeza umbali wakipenda. Je, tunaongeza?

Mzee mmoja alinitazama, akakohoa. "Nusu kilomita ni jirani huyo. Tuseme kilomita moja."

"Kilomita moja?" akadakia mwingine. "Ilhali dada yake Mwalimu yuko kule juu? Hebu tuwe na haya. Moja na nusu."

"Mbili," akasema wa tatu.

Bwana Unga alikuwa ameinamia dawati, akikwangua wino kwa ukucha. Nilimwona akinitazama, kisha akatazama mlango. "Mbili," akasema polepole, kama mtu anayetolewa jino. Mkunga alifumba macho, akasema: "Nami nafuata wazee." Hatimaye wakafika kilomita tatu, wakanyanyuka wakinipa mkono mmoja mmoja.

Niliona moyo wangu umejaa. Nilisema nafsini: watu hawa wanapenda amani ya majirani zao.

Jumamosi, 18 Julai

Modeli imejibu. Ramani ni nyeupe yote. Kila nyumba imepewa duara lake la kilomita tatu, na maduara yamemeza vilima vyote. Hapakubaki hata tone la kijani.

Nilisimama mbele ya weupe ule kwa kitambo. Ulikuwa kama karatasi kabla ya kalamu, kama alfajiri kabla ya vitu kurudishiwa majina. Nikasema: huenda ni ishara kwamba Mola hapendi vilima hivi viguswe. Nikashukuru. Binti yangu alifunga kompyuta kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefunga macho ya maiti.

Jumatatu, 20 Julai

Vumbi. Kuku wa jirani wamepeperushwa hadi uani kwetu, wakarudi kwa miguu na aibu.

Jumatano, 22 Julai

Leo, wakati wa kunywa chai, binti yangu aliweka kikombe chini.

"Baba, nikikwambia neno utanivumilia?"

"Sema, mwanangu."

"Ile ramani nyeupe haikuchorwa na upepo wala mteremko. Imechorwa na heshima yako."

Sikumfahamu.

"Wewe ulikuwa umekaa mbele yao. Nani angethubutu kutaja umbali mdogo, na nyumba ya kwanza kuguswa ni ya dada yako? Kila mmoja alishindana na mwenzake kukustahi. Wamestahi mpaka wamejinyima. Umemwona mkunga alivyofumba macho? Wiki iliyopita amezalisha tochi ikiwa mdomoni, kaing'ata kwa meno, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Naye akasema anafuata wazee."

"Mbona hawakuniambia?"

"Angekwambia nani? Wote umewafundisha alifu."

Akaondoa vikombe. Nilikaa juu ya mkeka wangu mpaka chai ya birikani ikapoa. Nilikuwa nimeiita ishara ya Mungu, kumbe ilikuwa adabu ya wanafunzi wangu. Na yule niliyemdhania baridi ndiye pekee aliyenipenda kiasi cha kunieleza.

Nimeandika kwa kamati: waketi tena, nami sitahudhuria.

Jumanne, 28 Julai

Upepo umegeuza sauti. Zamani ulisukuma, sasa unavuta.

Ijumaa, 31 Julai

Wamekutana bila mimi. Kabla ya magharibi Bwana Unga alibisha hodi, akaketi ukingoni mwa kiti asije akakichafua.

"Sikutaka uyasikie kwa watu, Mwalimu. Tumerudisha nusu kilomita, ile ya kanuni."

"Vyema."

"Kuna jingine." Akajifuta kope. "Kule juu, mgongoni, ndiko penye upepo wa kweli. Binti yako ametuonyesha. Na katikati yake pana nyumba moja. Moja! Tumekubaliana iandikwe kuwa banda la mifugo. Mbuzi si wamo? Banda halina duara. Kilima chote kinakuwa cha mji."

"Na mwenye nyumba?"

"Atashuka, Mwalimu. Atakaa kwako. Mwanamke wa umri ule, peke yake katika baridi ile… Hata wewe, kweli, unalala?"

Aliondoka akiwa ameacha alama nyeupe sakafuni, nyayo mbili za unga, na upepo ukazifuta kabla sijainuka.

Jumamosi, 1 Agosti

Binti yangu amefanya jaribio. "Sijaituma popote," alisema. "Natazama tu." Akaifuta ile nukta.

Msomaji wangu, nisikufiche: ilikuwa nzuri. Kijani kilianzia kichwani mwa kilima kikatiririka mgongoni mzima pasipo kukatika, kama kitambaa cha hariri kinachokunjuliwa mbele ya bibi arusi. Niliona taa katika kila dirisha la mji. Niliona mkunga na mikono yake miwili. Niliona pia, na hili ndilo lililonishika zaidi, mwanamke mzee akishuka njia ya kilima na furushi lake, akifungua mlango wa nyumba yangu, akiuliza sukari iko wapi. Kwa maana mvua zikianza binti yangu atarudi ofisini, nami nitabaki na saa ya ukutani.

"Unasemaje, Baba? Wakiniamuru niandike banda, niandike?"

Nilinyamaza. Na kimya changu kilikuwa na upande.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimeota mchana: vilima vyote kijani, na umbu langu anatembea juu yake bila kivuli. Namwita kwa jina la utotoni. Anageuka, na pale penye uso pana anga tu.

Jumatano, 12 Agosti

Nimepanda kilima. Nilitoka baada ya alfajiri, fimbo mkononi, nikisoma nyiradi kwa kila pumzi, na nilipofika pumzi zilikuwa nyingi kuliko nyiradi. Upepo wa juu si kama wa chini. Wa chini hupita; wa juu hukaa nawe, hukupapasa uso kama kipofu anayetaka kukujua.

Nilimkuta akifunga kamba za paa la zizi.

"Kaka! Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kwa miguu yangu."

"Naiona, inatetemeka. Hebu keti, usije ukanifia hapa wakasema nimekuua kwa sababu ya ramani."

"Kumbe unazo habari za ramani?"

"Mbuzi wangu wanazo. Watu wanapanda na vipimo vyao, wananyoosha vidole huku na huku. Nikiwasogelea wananisalimu kwa unyenyekevu, halafu haoo, wanashuka. Hata mtoto wako amekuja, akanywa maji, akanitazama kama mtu anayepima kitambaa, asiseme kitu. Nikasema, haya, nitakapokuwa gauni nitajulishwa."

Tuliingia ndani. Nyumba yake huimba. Upepo huingia kwa tundu la ufunguo na kutokea chini ya dari, na kila mahali una sauti yake: mlangoni filimbi, dirishani mnong'ono, katika mtungi uliokwisha maji sauti nene ya mtu anayekubali. Tulikaa humo kama watu walio ndani ya ala. Nilisinzia nikiwa macho. Ilinijia kuwa miaka hii yote nimesema anaishi peke yake, ilhali nyumba hiyo haijapata kunyamaza.

Nilimweleza yote bila kupunguza: kilomita tatu, kisha banda. Alisikiliza huku akichambua mchele katika ungo. Nilipomaliza, aliendelea kuchambua.

"Kwanza mmenifanya yai," akasema, "mkanifunga kwa pamba nisipasuke. Halafu mmenifanya banda. Baina ya yai na banda, Kaka, hamkupata nafasi ya kunifanya mtu? Mtu huulizwa."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Umekuja kuniuliza, au umekuja kunichukua?"

Nikatazama sakafu. "Ningependa ushuke," nikasema.

"Kwa ajili ya umeme wa mji?"

"Kwa ajili yangu. Mwanangu ataondoka. Nyumba ni kubwa."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Upepo ulipita nyumba nzima, ukatoka. Kisha akasema kwa upole nisioujua kwake:

"Hilo ni ombi jingine kabisa, Kaka. Usilifunge ndani ya ramani ya watu. Siku ukitaka kuniomba hilo, njoo nalo mkononi, peke yake, nami nitalijibu. Hili la ramani nitalijibu mwenyewe. Wanakutana lini?"

Nilishuka nikiwa mwepesi na mwenye haya. Ukaidi ni jina tunalompa anayejua aliposimama, pale tunapotaka tusimame sisi.

Jumamosi, 15 Agosti

Darasa lilijaa hadi madirishani. Nilikataa kiti cha mwenyekiti, nikaketi dawati la nyuma. Umbu langu aliingia na binti yangu, akachagua dawati la mbele, akakunja kanga yake, akatulia kama mwanafunzi mwenye jibu.

"Karibu, mama yetu," akasema Bwana Unga.

"Mimi si mama yako. Mama yako alikuwa mpole. Nimesikia kuna banda linajadiliwa hapa, nami nimekuja kulisemea, kwa kuwa mabanda hayana midomo."

Watu wakacheka, na wengine wakatazama chini.

Bwana Unga hakurudi nyuma, na kwa hilo namheshimu. Alisimama. "Tucheke, lakini tusemezane. Wanawake wa mji huu wanabeba maji vichwani. Mkunga anauma tochi. Mimi nanunua dizeli mpaka faida inageuka moshi. Kilima kizima kingetutosha sote, na aliyeketi katikati ni mtu mmoja. Mmoja! Nakuuliza bila matusi: mtu mmoja ana uzito gani mbele ya mji?"

Ni swali la haki.

"Binti," umbu langu akamgeukia mtoto wa kaka yake, "nyumba ya huyu bwana mmeizungushia duara gani?"

"Nusu kilomita, shangazi."

"Na ya mkunga?"

"Nusu."

"Na ya yule kijana aliyeoa juzi, asiye hata na mlango?"

"Nusu, shangazi. Kila nyumba nusu."

"Na yangu?"

"Kwanza kilomita tatu. Halafu hakuna."

"Basi nipeni nusu yangu." Aligeuka akawatazama wote. "Tatu sizitaki, hizo ni za Kaka, mlimpa yeye. Sifuri siitaki pia. Nataka nusu, kama ya huyu asiye na mlango. Mji ukiniuliza nina uzito gani, nina uzito wa nyumba moja. Hesabuni hivyo, na kinachobaki kilimani ni chenu, mimi sitanyoosha hata kidole."

"Kinachobaki ni kidogo!" Bwana Unga akapaza sauti. "Binti, sema ukweli, kinabaki nini?"

"Pande mbili za mgongo," binti yangu akasema. "Katikati panabaki peupe. Umeme utatosha zahanati, shule, na pampu ya maji. Majumbani hautafika. Wala kwenye mashine."

Mkunga aliinuka, mara ya kwanza bila kuombwa. "Nikipata taa moja juu ya kitanda cha wazazi, na maji ya bomba, mimi nimekwisha kushiba. Juzi nilisema nafuata wazee. Leo sifuati mtu."

"Na mimi?" akasema Bwana Unga. "Nimenuka dizeli tangu ujana wangu, nife nikinuka dizeli?"

"Mke si ulimpata hivyohivyo?" umbu langu akamjibu.

Darasa lililipuka. Hata yeye alicheka, unga ukamdondoka kopeni, kisha akajikaza. "Nimecheka, lakini sijaridhika."

"Sikukuomba uridhike. Nimekuomba uhesabu."

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Wengi waliinua. Bwana Unga hakuinua mkono wake, wala hakuinua ulipoitwa upande wa pili. Nami nilipoulizwa, nilisema kwamba wangu usihesabiwe, kwa sababu nina haja katika jambo hili ambayo si ya mji.

Jumapili, 16 Agosti

Binti yangu alikwenda mashineni kuchaji kwa hofu. Anasema Bwana Unga hakumsalimu. Lakini alipanguza soketi kwa mkono wa kanzu yake mwenyewe kabla hajamwachia, akarudi kwenye injini. Nimemkosea kumwita mtu wa kelele tu.

Jumamosi, 22 Agosti

Ramani ya mwisho: kijani pande mbili, na katikati duara jeupe, safi, kama mwezi uliolazwa nyasini. Binti yangu alikaa akiitazama.

"Kazini wataniuliza kwa nini shangazi yangu ndiye aliyekata eneo bora kabisa."

"Utawajibu nini?"

"Kwamba yumo humu kama wengine." Akaniegemezea kichwa begani, jambo asilolifanya tangu afundishwe kusoma. "Baba, nilikaribia kumfuta. Ulikuwa umenyamaza, nikadhani umekubali."

"Nilikuwa nimekubali," nikamwambia.

Hakukiondoa kichwa chake.

Jumatatu, 31 Agosti

Imetumwa.

Jumamosi, 12 Septemba

Jibu limekuja kutoka ofisini. Tumekubaliwa, kwa kadiri ile ndogo. Vigingi vitapigwa kabla ya mvua na ujenzi utaanza zikikatika. Mkunga alipita mlangoni akipunga mikono yote miwili. Wengine walipita kimya. Najua wanahesabu madirisha yao yatakayobaki giza, na langu limo. Haki imepatikana, na si bure. Aliyesema haki haina gharama hakupata kuinunua.

Ijumaa, 18 Septemba

Binti yangu ameondoka asubuhi. Chumba cha mama yake kimebaki na meza na alama ya mviringo ya kikombe.

Baada ya sala ya Ijumaa nilipanda kilima. Umbu langu alikuwa mlangoni, kana kwamba ameniona tangu bondeni. Na huenda aliniona.

"Umekuja na nini mkononi?"

"Nimekuja na ombi langu, peke yake."

"Lete."

"Sipendi kuzeeka katika nyumba isiyo na mtu wa kunikatiza maneno. Shuka tukae pamoja."

Alicheka, kisha akafuta macho, kisha akacheka tena. "Sishuki, Kaka. Nikishuka nitakuwa mgeni wako mpaka nife, na wewe mgeni humharibu kwa adabu. Lakini kuna chumba upande wa mawio. Mbuzi wamekizoea, tutawaomba radhi." Akanitazama miguu. "Kupanda unajua. Nimekuona mara mbili."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo na kwa hapana. Kwa hili sikujiandaa.

Jumamosi, 3 Oktoba

Mvua imefika leo, na upepo umeanguka ghafla, kama mtu aliyekuwa akizungumza akakumbuka kitu. Nyumba imenyamaza kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Umbu langu ameinua kichwa.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Ndicho hicho."

Nje, mbali kidogo kuliko sauti ya mtu inavyofika, naona vigingi vyenye vitambaa vyekundu, upande huu na upande ule. Hapo mabawa yatasimama. Jana Bwana Unga alipanda kuvitazama. Alisimama penye kigingi akipima kwa macho, kisha akavuka akaja mpaka mlangoni, akaleta kifuko cha unga uliosagwa laini. Alisema ni kwa ajili yangu, kwa kuwa nina meno mabovu. Umbu langu alimwambia ananuka dizeli. Akasema anajua. Akaketi, wakabishana mpaka mawingu yakamfukuza.

Katika ramani iliyo ofisini, mahali niandikiapo maneno haya pameachwa peupe. Afisa atakayeitazama siku moja atadhani hapana kitu. Pana watu wawili wazee, pana mbuzi wanaonung'unikia chumba chao, pana birika motoni. Na kuna mmoja ananikatiza sasa hivi, ananiambia niache kalamu kwa kuwa wino hauliwi.

Basi naacha. Wewe uliyenisindikiza msimu mzima, Mwenyezi Mungu aizungushie nyumba yako duara la rehema lisilo kubwa mno likakutenga na watu, wala dogo mno likakukosesha amani. Awape walio ndani yake afya na kauli njema, awasamehe waliotangulia kuiacha, na kila atakayeihesabu aihesabu kwa haki. Amina.